Ukaguzi wa vifaa vya elektroniki viwanjani: Gharama isiyoandikwa kwenye tiketi

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefunga safari ya Dubai au Guangzhou huwa amekwishapiga hesabu zake kabla hajakata tiketi. Nauli anaijua, hoteli anaijua, bei ya dola anaijua, na ushuru utakaomsubiri akirudi anaukadiria bila kukosea sana. Iko gharama moja ambayo wengi huiacha nje ya daftari mpaka siku inapowakuta, nayo ni ile ya meza ya ukaguzi wa abiria. Ofisa wa forodha anataka fedha, na ukimlipa unaondoka na mali yako. Mkaguzi wa usalama hataki fedha. Anataka kifaa chenyewe, na kikishaingia kwenye lile pipa la plastiki hakuna risiti wala pa kukata rufaa.

Kanuni zinazohusu vifaa hivyo zimebadilika mara nyingi, na kila zilipobadilika kuna waliopoteza na waliopata. Ukurasa huu umeona ni vyema kuzipitia kwa jicho la biashara, kwa sababu simu, kompyuta mpakato na pawabenki ndizo bidhaa ambazo mfanyabiashara mdogo hupenda kuzibeba mwenyewe. Ni nyepesi, thamani yake kwa kilo ni kubwa, na zikifika huuzika upesi.

Tuanze na marufuku ya mwaka 2017, kwa kuwa ndiyo iliyowagusa wengi kwa mkupuo mmoja. Tarehe 21 Machi mwaka huo serikali ya Marekani ilitangaza kuwa abiria wanaokwenda nchini humo moja kwa moja kutoka viwanja 10 vya ndege hawataruhusiwa kuingia ndani ya ndege na kifaa chochote cha elektroniki kilicho kikubwa kuliko simu ya mkononi. Kompyuta mpakato, tableti, kamera na mashine za michezo, vyote vilitakiwa kuwekwa kwenye mizigo inayopakiwa chini. Viwanja vyenyewe vilikuwa Dubai, Abu Dhabi, Doha, Kuwait, Riyadh, Jeddah, Amman, Cairo, Istanbul na Casablanca. Mashirika ya ndege yalipewa saa 96 tu kutekeleza. Siku hiyo hiyo Uingereza nayo ikatoa orodha yake ya nchi sita, yaani Uturuki, Lebanon, Jordan, Misri, Tunisia na Saudi Arabia, ikaweka na vipimo kabisa: kinachozidi urefu wa sentimita 16, upana wa 9.3 au unene wa 1.5 kisiingie ndani.

Msomaji makini atagundua kuwa orodha hizo mbili hazikulingana. Dubai, Abu Dhabi na Doha, ambako ndiko penye fedha, zilikuwamo kwenye orodha ya Marekani lakini hazikuwamo kwenye ya Uingereza. Nchi hizo mbili hupeana habari za kijasusi kila siku, na bado kila moja iliona hatari mahali pake. Wachunguzi wa mambo ya biashara hawakuchelewa kukumbusha kuwa tangu mwaka 2015 mashirika makubwa matatu ya Marekani, American, Delta na United, yalikuwa yakilalamika kwamba Emirates, Etihad na Qatar Airways zimepewa na serikali zao ruzuku ya zaidi ya dola bilioni 40. Mashirika ya Ghuba yalikana. Na kwa kuwa hakuna shirika la Marekani lililokuwa likiruka moja kwa moja kutoka viwanja hivyo 10, marufuku haikuligusa hata moja. Serikali ya Marekani ilishikilia kuwa ni suala la usalama na si vinginevyo.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna haja ya kuchagua upande mmoja. Tishio lilikuwa la kweli, na nafuu iliyowaangukia washindani wa mashirika ya Ghuba nayo ilikuwa ya kweli.

Kuhusu tishio, ushahidi wa karibu ulitoka jirani yetu. Tarehe 2 Februari 2016 ndege ya shirika la Daallo, aina ya Airbus A321, iliruka kutoka Mogadishu kwenda Djibouti. Dakika kama 20 baadaye bomu lililipuka ndani na kutoboa ubavu wa ndege. Ilikuwa bado haijafika juu sana, hivyo rubani aliweza kuirudisha Mogadishu, na aliyekufa ni yule aliyebeba bomu peke yake. Wachunguzi waliamini kuwa bomu hilo lilifichwa ndani ya kompyuta mpakato, na picha za kamera za uwanjani zilionyesha watu wawili waliokuwa ndani ya uwanja wakimkabidhi kifaa hicho baada ya kupita ukaguzi. Kundi la Al-Shabaab lilikiri kuhusika.

Nyuma zaidi kuna Lockerbie. Tarehe 21 Desemba 1988 ndege ya Pan Am, safari namba 103, ililipuka juu ya mji huo wa Scotland na watu 270 wakapoteza maisha, wakiwamo 11 waliokuwa chini. Bomu lilikuwa ndani ya redio kaseti aina ya Toshiba, ndani ya sanduku lililopakiwa chini kama mzigo wa kawaida. Pan Am ilikuwa na matatizo yake ya fedha kabla ya hapo, na vita ya Ghuba ikapandisha bei ya mafuta, lakini abiria waliolikimbia shirika hilo baada ya Lockerbie hawakurudi wote. Tarehe 4 Desemba 1991 lilifunga kazi. Swali la kawaida la kaunta, kwamba mzigo huu umeufunga wewe mwenyewe au kuna mtu amekupa kitu umbebee, lina mizizi katika misiba ya namna hiyo.

Hapo ndipo mtindo wetu wa kuazimana kilo unapoingia. Abiria amebakiwa na kilo 10 za mzigo, mwenzake wa duka la jirani anamwomba amchukulie kiboksi cha simu, na wanakubaliana kwa ahadi ya soda tu. Kwa upande wa ukaguzi, kilichomo ndani ya begi ni chako, hata kama umekikuta pale Deira nusu saa iliyopita. Kama hukukiona kikiwashwa, hukijui.

Turudi kwenye marufuku na gharama zake. Emirates ilianza kutoa huduma ya kupokea kompyuta za abiria mlangoni mwa ndege pale Dubai, kuzifunga na kuzirudisha Marekani, na ikaazimisha tableti bure kwa abiria wa madaraja ya juu. Qatar Airways nayo iliazimisha kompyuta kwa daraja la biashara. Hiyo ni gharama ya kuonekana. Isiyoonekana ni abiria ambaye hakuja kabisa. Tarehe 19 Aprili 2017, chini ya mwezi mmoja tangu tangazo, Emirates ilisema inapunguza safari katika miji mitano kati ya 12 iliyokuwa ikiihudumia Marekani. Boston, Los Angeles na Seattle zilishushwa kutoka ndege mbili kwa siku hadi moja, na Fort Lauderdale na Orlando kutoka kila siku hadi siku tano kwa wiki. Jumla, safari 126 za wiki zikawa 101. Shirika lilitaja kupungua kwa mahitaji kutokana na hatua za serikali ya Marekani kuhusu viza, ukaguzi wa abiria na vifaa vya elektroniki.

Mwekezaji mdogo hapa awe mwangalifu. Wiki chache baadaye Emirates ilitoa hesabu za mwaka ulioishia 31 Machi 2017, na faida ilikuwa imeanguka kwa asilimia 82 hadi dola milioni 340. Wengi waliunganisha mambo hayo mawili haraka haraka. Lakini marufuku ilianza kutekelezwa tarehe 25 Machi, yaani ilikula siku saba tu za mwaka huo wa hesabu. Dola yenye nguvu na ushindani wa nauli vilikuwa vimeshafanya kazi yake kwa miezi mingi. Na mwaka uliofuata, ambao ndio uliobeba marufuku karibu yote, faida ilipanda hadi kiasi cha dola milioni 762. Kwa hiyo anayekuambia kuwa kanuni moja ya uwanjani inaweza kuua shirika kubwa, mwombe akuonyeshe tarehe.

Mzigo hasa ulimwangukia abiria. Mwezi Mei 2017, ilipoanza kusemekana kuwa Marekani itapanua marufuku mpaka viwanja vya Ulaya, Chama cha Kimataifa cha Mashirika ya Ndege, IATA, kilikadiria kuwa hatua hiyo ingewagharimu abiria dola bilioni 1.1 kwa mwaka, sehemu kubwa ikiwa ni saa za kazi zitakazopotea angani. Kwa msafiri wa Dar es Salaam anayekwenda Marekani uchaguzi ulikuwa wa wazi. Ndege za Emirates, Qatar Airways na Turkish Airlines zote zinatua hapa, na zote tatu zinapitia viwanja vilivyokuwa kwenye orodha. KLM inapitia Amsterdam na Ethiopian inapitia Addis Ababa, navyo havikuwamo. Mwenye kompyuta yenye hesabu za kampuni hakuhitaji kushauriwa mara mbili. Yule aliyekuwa akiishia Dubai kununua bidhaa hakuguswa, kwa sababu marufuku ilihusu kipande cha safari kinachoingia Marekani peke yake.

Jambo ambalo halikuzungumzwa vya kutosha wakati ule, na ambalo leo ndilo linalotawala, ni betri. Watu wa usalama waliogopa bomu, wakaona kompyuta ikikaa chini kwenye mizigo itakuwa mbali na mikono ya mtu. Watu wa moto waliona kinyume kabisa. Betri ya lithiamu ikiharibika hujipasha moto yenyewe, seli moja huiwasha ya pili, na moto wake ni mgumu kuzima. Ikiwaka ndani, wahudumu wataiona na kumwagia maji. Ikiwaka chini kati ya masanduku, hakuna wa kuiona. Tarehe 5 Aprili 2017, wiki mbili tu baada ya marufuku, Shirika la Usalama wa Anga la Ulaya lilitoa tahadhari kuwa vifaa vyenye betri za aina hiyo ni heri vikae ndani ya ndege, na vikilazimika kwenda chini vizimwe kabisa na vikingwe visijiwashe.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani yenyewe ilifanya majaribio. Iliweka kompyuta mpakato ndani ya sanduku lililojaa vitu vya kawaida vya abiria, ikaipasha betri moto. Katika jaribio lililokuwa na kopo la kupulizia la shampuu kavu ubavuni mwa kompyuta, kopo lililipuka ndani ya sekunde 40. Matokeo hayo yalifikishwa kwenye jopo la Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, Oktoba 2017, pamoja na pendekezo kuwa vifaa vikubwa visiruhusiwe kwenye mizigo ya chini. Kwa maneno mengine, ndani ya mwaka mmoja serikali moja iliwaambia abiria wapeleke kompyuta zao chini, kisha ikaiambia dunia kuwa chini si mahali pake.

Marufuku yenyewe haikudumu. Tarehe 28 Juni 2017 Marekani ilitangaza masharti mapya ya ukaguzi kwa viwanja kama 280 katika nchi 105 vyenye ndege za moja kwa moja kwenda huko, na atakayeyatimiza akaondolewa kwenye orodha. Abu Dhabi ilitoka tarehe 2 Julai, Dubai na Istanbul tarehe 5, Doha tarehe 6, na kabla mwezi haujaisha vyote 10 vilikuwa vimetoka. Uingereza iliondoa ya kwake uwanja mmoja mmoja. Masharti hayo ndiyo yaliyokuwa yakiwasubiri na majirani zetu. Kenya Airways ilipoanza safari ya Nairobi hadi New York tarehe 28 Oktoba 2018, uwanja wa Jomo Kenyatta ulikuwa umeshapitishwa kwenye chujio la usalama la Marekani.

Sasa tuje kwenye mfuko wa mfanyabiashara. Kanuni inayotumika karibu duniani kote haipimi tena ukubwa wa kifaa. Inapima nguvu ya betri, kwa kipimo cha wati-saa, ambacho huandikwa Wh. Betri isiyozidi wati-saa 100 abiria anaruhusiwa kuibeba kwa matumizi yake. Kati ya 100 na 160 anahitaji kibali cha shirika la ndege, na za akiba zisizidi mbili. Ikizidi 160 haisafiri na abiria. Betri ya akiba, na pawabenki imo humo, lazima ikae kwenye begi la mkononi. Haiendi chini kwa hali yoyote. Watengenezaji wakubwa wanaijua namba hiyo vizuri, na ndiyo maana betri ya MacBook Pro ya inchi 16 imewekwa wati-saa 99.6 na si 105.

Tatizo ni kuwa pawabenki nyingi sokoni zimeandikwa mAh tu. Hesabu yake ni rahisi. Chukua namba ya mAh, zidisha kwa volti za betri, ambazo kwa kawaida ni 3.7, kisha gawanya kwa 1,000. Pawabenki ya 10,000 ni wati-saa 37. Ya 20,000 ni 74. Ya 27,000 inafika 99.9, na hapo ndipo mpaka ulipo. Ya 30,000 ni 111, inataka kibali. Ya 50,000 ni 185, hiyo usijisumbue nayo. Na hapa kuna kichekesho kinachouma. Soko letu limejaa pawabenki za bei poa zilizoandikwa 50,000 au zaidi, huku mnunuzi akiishika tu anajua kwa wepesi wake kuwa ndani hamna hata robo ya hiyo. Mkaguzi haipimi, anasoma lebo. Uongo uliowekwa ili kumvutia mteja wa Msimbazi ndio unaoikamatisha bidhaa uwanjani. Na lebo iliyofutika ni hasara vile vile, kwa sababu kisichosomeka hakipiti.

Jambo la pili ni idadi. Kanuni za IATA zinamruhusu abiria vifaa 15 vya matumizi yake na betri za akiba 20, isipokuwa shirika lenyewe likubali zaidi, na shirika lina uhuru wa kubana kuliko hapo. Neno lenye uzito ni "matumizi yake". Mwenye simu 60 kwenye begi anaweza kubahatika mara tatu, lakini hana haki yoyote ya kudai siku anapozuiwa. Tuseme mtu amenunua pawabenki 40 Deira kwa dirhamu 40 kila moja, jumla dirhamu 1,600. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025 Emirates iliweka kuwa abiria atabeba pawabenki moja tu isiyozidi wati-saa 100, yenye maandishi ya uwezo wake, na asiitumie wala kuichaji ndani ya ndege. Zilizobaki 39 ni dirhamu 1,560, takriban dola 425, ambazo zimeachwa mezani. Akizificha kwenye sanduku la chini, mashine ya eksirei itaziona, sanduku litavutwa pembeni, na ana bahati kama litapanda ndege ile ile.

Mashirika hayakukaza kwa kupenda. Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan iliwaka moto ikiwa bado chini kwenye uwanja wa Gimhae, Korea ya Kusini. Watu wote 176 waliokuwamo walitolewa salama, lakini Airbus hiyo iliteketea paa lote. Wachunguzi walisema baadaye kuwa inaelekea moto ulianzia kwenye betri ya pawabenki iliyokuwa kwenye kabati la juu ya viti. Kuanzia Machi mwaka huo Korea ya Kusini ikakataza kuziweka kwenye makabati hayo, na mashirika mengine yakafuata.

Wanaokwenda China wana la ziada. Juni 2025 kampuni ya Romoss ilirudisha kiwandani pawabenki 491,745 kwa hofu ya moto, na Anker ikarudisha zaidi ya milioni moja katika soko la Marekani peke yake. Tarehe 28 mwezi huo mamlaka ya anga ya China ilikataza, kwenye safari za ndani ya nchi, pawabenki yoyote isiyo na alama ya 3C, yenye alama isiyosomeka, au iliyo kwenye orodha ya zilizorudishwa. Neno "safari za ndani" lisikupotoshe. Anayetua Guangzhou akaunganisha kwenda Yiwu kwa ndege yuko kwenye safari ya ndani, na pawabenki aliyoinunua Kariakoo, hata kama ilitengenezwa China hiyo hiyo, inaweza kuwa haina alama hiyo kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya soko la nje.

Njia halali ya bidhaa ya kuuza ni shehena, na huko nako bei imegawanyika. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliwaka moto muda mfupi baada ya kuruka kutoka Dubai ikiwa na shehena ya betri za lithiamu, na marubani wote wawili walikufa. Kuanzia 1 Aprili 2016 ICAO ilizuia betri tupu za lithiamu kusafirishwa kama shehena ndani ya ndege za abiria, na zinazokwenda kwa ndege za mizigo zisiwe na chaji inayozidi asilimia 30. Simu yenye betri yake ndani iko kwenye kundi jingine na inaweza kupanda ndege ya abiria ikifungashwa inavyotakiwa. Pawabenki inahesabiwa betri tupu. Ndiyo maana wakala wa mizigo wa Guangzhou anakutajia bei moja kwa kilo ya nguo na nyingine kwa kilo ya bidhaa yenye betri. Anayekupa bei ya nguo kwa katoni ya pawabenki muulize ataiandikaje kwenye karatasi, maana karatasi ya uongo ikigunduliwa mzigo unaozuiliwa ni wako. Baharini ni nafuu, ila mtaji unalala majini kwa wiki kadhaa huku bei ya jumla Kariakoo ikiweza kushuka kabla kontena halijafunguliwa.

Kwa wanaoleta simu zilizotumika kuna kanuni ya zamani kidogo ambayo husahaulika. Julai 2014 Marekani ilitangaza kuwa katika baadhi ya viwanja vya nje abiria anaweza kutakiwa awashe kifaa chake mbele ya mkaguzi, na kisichowaka hakiingii ndani ya ndege. Uingereza ilifanya hivyo hivyo. Mantiki ni nyepesi: kompyuta iliyotolewa vitu vyake ndani na kujazwa kingine haitawaka. Anayenunua simu mbovu kwa ajili ya vipuri, ambazo kwa asili yake haziwaki, azipeleke kwenye shehena na ankara yake iseme ni vipuri.

Upande wa wawekezaji, mfano wa kukumbuka ni Samsung. Septemba 2016 kampuni hiyo iliagiza kurudishwa kwa simu milioni 2.5 za Galaxy Note 7 kwa sababu ya betri kushika moto, na hata zile za kubadilishia nazo zikawaka. Tarehe 11 Oktoba hisa zake zilianguka kwa asilimia 8 kwa siku moja mjini Seoul, na thamani ya kiasi cha dola bilioni 17 ikayeyuka. Siku nne baadaye Marekani ikakataza simu hiyo ndani ya ndege hata ikiwa imezimwa. Soko lilikuwa limeshatoa hukumu yake kabla ya viwanja vya ndege.

Upo pia upande wa wanaouza mashine. Kampuni kama Smiths Detection na Rapiscan zilipata soko jipya viwanja vilipoanza kubadili eksirei za zamani kwa mashine zinazopiga picha ya begi kwa pande zote, kama zile za hospitali, ambazo hazikutaki utoe kompyuta nje. London City ilikamilisha mwaka 2023. Viwanja vikubwa vya Uingereza vingi havikuweza kufikia tarehe ya mwisho ya 1 Juni 2024, kwa kuwa mashine hizo ni nzito na sehemu nyingine sakafu yenyewe ilibidi iimarishwe kwanza.

Hapa nyumbani mwenye hisa za Swissport Tanzania, zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu 2003 wakati kampuni ikiitwa DAHACO, ana sababu ya kufuatilia haya. Kampuni hiyo inahudumia abiria, mizigo yao na shehena katika uwanja wa Julius Nyerere. Kila katoni ya simu inayotolewa kwenye begi la abiria na kuandikwa kama shehena ni kilo inayopita kwenye ghala na kulipiwa, iwe kwa Swissport au kwa mshindani wake. Hesabu za kampuni hutenganisha mapato ya shehena na yale ya kuhudumia ndege, na mwekezaji ataona humo kama biashara ya mabegi inahamia ghalani au bado inajaribu bahati yake kwenye mkanda wa eksirei.